HATIFUNANI YA KUKARABATI SHULE: TUKISHASEMA NI RIBA, BATI ATAEZEKA NANI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kijana mmoja wa hapa hapa Songea kanitumia ujumbe: "Sheikh, ikija siku Manispaa yetu ikauza hatifungani ili ikarabati shule za msingi zilizochakaa, nami nikanunua, nitakuwa nimekula riba au nimetoa sadaka?" Nilicheka kidogo, maana alitaka yote mawili yatoke kwenye shilingi moja. Lakini swali lake ni zito.

Hatifungani ni deni. Unatoa milioni yako, unalipwa asilimia iliyopangwa kila kipindi, na mwisho wa muda unarudishiwa milioni yako kamili. Tanga wameshafanya. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka. Ilitafuta Sh bilioni 53.12 na watu wakaleta zaidi. Na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inaziruhusu halmashauri kukopa kwa idhini ya Waziri. Kwa hiyo kijana huyu haulizi ndoto.

Hukumu yake haina kona. Nyongeza iliyoshurutishwa juu ya deni ni riba, na nia ya kujenga shule haiigeuzi kuwa kitu kingine. Rejea Suratul Baqara kuanzia aya ya 275, usome kwa utulivu. Mimi siwezi kuipamba.

Sasa hapa ndipo wengi wetu masheikh tunaposhuka kwenye mimbari tukaenda kula. Tumeshasema haramu, kazi imekwisha. Lakini mvua za Novemba zikianza, watoto wanasogezwa upande mmoja wa darasa kwa sababu upande wa pili unavuja. Mwalimu ananyamaza mpaka mvua ipungue, hasikiki. Na vyoo! Binti aliyebaleghe, umemfunika stara nzuri asubuhi, anafika shuleni anakuta choo hakina mlango wala maji ya kujitwaharisha. Anashika tumbo mpaka saa za kurudi nyumbani, au zile siku zake haendi kabisa. Sisi wazazi wake tunachangishana vigae vya msikiti.

Majengo mengi ya namna hii yana umri wake. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, lililotaka kila mtoto awe darasani ifikapo 1977, wazee wetu walifyatua tofali na kusomba mchanga wenyewe. MMEM ikaongeza mengine kuanzia 2002. Miaka hii BOOST imejenga madarasa mapya, alhamdulillah, tunashukuru. Ila darasa jipya lina utepe wa kukatwa. Bati bovu la darasa la zamani halina utepe. Ada zimefutwa, na ruzuku tuliyoizoea shule za msingi ni Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, tena sehemu yake ni ya vitabu. Shule ya watoto 600 hata ikipata zote ni milioni 6. Toa chaki, toa mitihani, halafu uniambie umebakiwa na bati ngapi.

Mtu atasema, basi tufanye sukuk, Zanzibar imezindua yake 2025. Ni njia ya halali ikifungwa vizuri: wenye fedha wanamiliki sehemu ya mali halisi, halmashauri inaikodi kwao, na faida yao ni kodi. Lakini fikiri. Mamlaka ya maji ina bili. Shule isiyotoza ada italipa kodi kwa nini? Kwa ushuru wa mahindi na wa mama wa sokoni. Na ikishindwa kulipa, darasa ni la nani? Mimi naona sukuk iende kwenye soko na stendi, vitu vinavyoingiza fedha. Shule itafutiwe waqfu.

Sayyidna Umar (R.A) alipopata shamba Khaybar alimuuliza Mtume (S.A.W) alifanyeje. Akaelekezwa: asili isiuzwe, mavuno yatolewe. Tunashindwa nini kujenga fremu tano barabarani, tukaandika kwenye hati kwamba kodi yake ni ya mabati na vyoo vya shule fulani na fulani? Na wakulima wa Ruvuma, mnapopeleka mahindi NFRA, gunia moja la waqfu litawafilisi?

Halafu kuna qardh hasan. Halmashauri kwa sheria hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kukopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, nne kwa nne kwa mbili, bila riba. Bila riba! Kumbe mkopo wa namna hii inaujua, inautoa. Imewahi lini kutuomba sisi?

Mtasema zitaliwa. Hofu hiyo ni ya haki, wala sitaitetea ofisi yoyote. Hesabu zibandikwe ukutani na kamati ya shule izisome mbele ya wazazi. (Na za misikitini pia, tusione kibanzi cha wenzetu tu.)

Mwingine ataniambia shule ni ya serikali na wanaosoma humo ni mchanganyiko. Ndugu yangu, Mtume (S.A.W) alitufundisha kwamba hata kumnywesha mnyama mwenye kiu kuna ujira. Sembuse mtoto wa jirani yako wa Bombambili, anayelowa dawati moja na mwanao.

Mdogo wangu uliyeniuliza, hatifungani ya riba usinunue. Ile milioni uliyoiandaa, nusu iazime kamati ya shule kwa maandishi na mashahidi, urudishiwe hiyo hiyo. Nusu nyingine nunua mabati, uyapeleke mwenyewe kabla ya Novemba. Nami nina kiasi kidogo, nipigie twende pamoja.

Wallahu a'lam.