Nyumba na Ukaguzi Wake

Jamaa zetu wanunuao nyumba Uingereza aghalabu husikia kuwa mkopeshaji amekwisha peleka mtu kuithamini, nao wakatosheka. Yafaa ifahamike kuwa tathmini ile humlinda mkopeshaji, apate kujua kama nyumba yatosha kuwa rehani ya fedha zake. Haikuwekwa kumwonya mnunuzi kwamba paa lavuja.

Kwa hiyo mnunuzi yampasa aajiri mkaguzi wake mwenyewe. Tangu mwaka 2021 wakaguzi wa chama kiitwacho RICS wana daraja 3 za ukaguzi. Ya 1 hueleza hali ya nyumba kwa ufupi, nayo yafaa nyumba za karibuni. Ya 2 huongeza nasaha za matengenezo, kwa nyumba ya kawaida iliyo katika hali njema. Ya 3 huchunguza kwa kina. Nyumba kuukuu, au iliyobadilishwa sana, yastahili hiyo, ijapokuwa ni ghali zaidi.

Na ufanywe kabla ya kubadilishana mikataba, wakati mnunuzi angali aweza kuomba bei ipunguzwe au kujitoa. Baada ya hapo, akijitoa hupoteza arubuni yake.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi ufa usiouona utauzibaje?