Maporomoko Huanzia Juu

Ndugu zangu wa Mbulu na Hanang,

Wageni wanavuka bahari kuja kuiona Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara, na sisi tunaoishi mgongoni mwake tunaisikia redioni. Msitu wa Marang, ulioingizwa hifadhini mwaka 2009, uko huku kwetu juu, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Mvua ikinyesha huku, vijito vinaporomoka gengeni mpaka ziwani. Ni wangapi kati yetu wameingia hifadhini kwa kupitia getini, si kwa kumfuata ng'ombe aliyepotea?

Basi twendeni. Kwaya, vikundi vya vikoba, shule na vijana wa bodaboda wachange nauli waende pamoja. Mtanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, tena kidogo sana kuliko mgeni. Chupa za maji mnazoingia nazo, tokeni nazo.

Lakini safari peke yake haitoshi kuyalinda maji yanayoteremka hifadhini. Kule Kihansi, kusini mwa nchi yetu, palikuwa na maporomoko ambayo rasharasha zake zililea chura mdogo asiyepatikana kwingine duniani. Wataalamu walimgundua mwaka 1996. Mwaka 2000 maji mengi yakageuzwa kuzalisha umeme, na kufikia 2009 chura yule akatangazwa kutoweka porini. Umeme tuliuhitaji, sibishi. Ninachosema ni kwamba yaliyoamuliwa juu ya mto yalichangia kuua uhai wa chini.

Kwetu hakuna bwawa la kulaumu. Tuna pampu. Vitunguu saumu vya Mbulu vimejenga nyumba na kusomesha watoto, na sitamwambia mkulima aache kilimo. Ila kiangazi kila mtu akiwasha pampu yake siku moja, kijito kinakatika. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wengi tunaijua, na wengi tunalima mpaka majini.

Hanang mnayo sababu nzito zaidi. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka mlimani viliifikia Katesh na vijiji jirani, na makumi ya wenzetu wakafa. Serikali ilieleza kuwa miamba dhaifu ilinyonya maji ikameguka. Sidai kwamba miti ingeuzuia mlima usimeguke. Lakini njia ya maji ikishajulikana, kuijaza vibanda na mashamba ni kujitafutia msiba wa pili.

Naomba kila kijiji kiweke ajenda moja katika mkutano mkuu ujao: mita 60. Zipimwe kwa kamba, mchana, wote wakiona, kuanzia shamba la kiongozi. Atakayepoteza majaruba mengi asiachwe peke yake. Kijiji kimtafutie eneo jingine. Zamu za pampu ziandikwe na kubandikwa ofisini. Wafugaji, wakiwemo ndugu zetu Wadatoga, wapewe njia ya mifugo na birika la kunyweshea nje ya kingo, tena kabla ya kuwekewa faini yoyote. Kwenye chemchemi pandeni mikuyu, mikaratusi ikae mbali.

Mwenyekiti wa kijiji akisema ratiba imejaa, mwombeni kalamu muiandike ajenda hiyo wenyewe.