Spika Kuukuu: Itizame kama Unavyotizama Ng'ombe



Mwezi huu sitaandika habari za muhogo wala za mbolea. Nitaandika habari za spika kuukuu. Najua wapo watakaouliza, bwana shamba na spika wapi na wapi? Subiri kidogo, utaona.

Hapa Fumba kipo kikundi cha akina mama wanaolima mwani. Wako kumi na wanne. Mwani ni kazi ngumu na bei yake haitulii. Mwaka juzi walikaa wakashauriana. Wakasema, harusi hazikosi hapa kwetu. Watu wanakodi muziki kutoka mjini, na fedha za kijiji zinaondoka na gari la muziki. Kwa nini tusiwe na spika zetu tukakodisha wenyewe? Wakachanga shilingi 20,000 kila mmoja. Zikawa shilingi 280,000.

Kisha wakaniita mimi. Wakasema, "Bwana shamba, wewe unakwenda mjini kila wiki. Tununulie."

Nilikwenda. Katika duka moja la mitumba niliona spika mbili kubwa za zamani, zilizoletwa na kontena kutoka Ulaya. Mbao zake zinang'aa. Kitambaa cha mbele safi. Muuzaji akaniwekea muziki kwa sauti ya chini. Nikasikia zinalia. Nikatoa shilingi 180,000. Sikufungua kitambaa. Sikugusa kitu. Mimi ambaye kila siku nawaambia wakulima wasinunue mbegu bila ya kufungua mfuko na kuitizama!

Usiku wa harusi ya kwanza tuliazima amplifaya. Spika zililia robo saa. Halafu sauti ikaanza kukwaruza kama mtu anayekuna nazi. Baadaye moja ikanyamaza kabisa. Asubuhi tulipofungua kitambaa, tulikuta sponji iliyozunguka spika imekuwa unga. Ilikuwa imeanguka chini ya sanduku kama makombo ya mkate.

Mwenyekiti wa kikundi, ambaye sote tunamwita Bi Mwenyekiti, hakugomba. Alinitizama akasema, "Bwana shamba, mbegu unazijua. Spika huzijui."

Neno lile liliniingia. Niliahidi kuzirudisha fedha zao, shilingi 15,000 kila mwezi kutoka mshahara wangu. Kisha nikaenda kwa fundi mmoja wa redio huko Mwanakwerekwe. Nikamwomba nikae karibu yake nijifunze. Nilikaa Jumamosi tisa. Haya ninayoandika nimeyaona kwake.

KAWA NA SUMAKU

Ukitoa kitambaa cha mbele cha spika, utaona karatasi ngumu yenye umbo la kawa la kufunikia chakula. Hiyo huitwa koni. Nyuma ya koni kuna koili. Koili ni waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Koili imekaa ndani ya mwanya mdogo sana wa sumaku. Umeme wa muziki ukipita katika koili, sumaku huisukuma na kuivuta. Koni nayo hwenda mbele na nyuma. Hewa inatikisika, na hiyo ndiyo sauti unayoisikia.

Wamarekani wawili wa kampuni ya General Electric, Chester Rice na Edward Kellogg, walieleza spika ya namna hii mwaka 1925. Mpaka leo spika nyingi duniani zinafanya kazi vivyo hivyo. Ndiyo maana spika ya miaka 50 inaweza kutengenezwa ikalia vizuri. Simu ya miaka kumi fundi anakurudishia.

Sasa tizama pembeni ya koni. Kuna ukingo laini unaoishika koni kwenye chuma. Ukingo huu ndio unaoiachia koni icheze. Ukingo ndio unaokufa kwanza.

Ukingo wa nguo yenye mikunjo huishi miaka mingi. Wa mpira pia huishi sana, ingawa unaweza kukauka. Lakini tangu miaka ya 1970 viwanda vingi vilitumia sponji. Sponji ni nyepesi na inatoa sauti nzuri, ila unyevu na joto huila. Baada ya miaka 15 au 20 inakuwa unga. Na hapa kwetu, pwani, unyevu ndio hewa yenyewe! Sponji inaoza hata kama spika imekaa tu kabatini. Kwa hiyo muuzaji akikwambia, "Mwenyewe alikuwa hazipigi," usifurahi. Huko si kusifu spika.

KAGUA KABLA YA KUTOA PESA

Mtu akitaka kununua ng'ombe hatizami rangi tu. Anafungua mdomo, anahesabu meno, anamwendesha hatua chache. Spika nayo ni hivyo hivyo.

Kwanza ondoa kitambaa cha mbele. Muuzaji akikataa, rudi nyumbani na fedha zako. Bonyeza ukingo kidogo kwa ncha ya kidole. Ukiwa ni sponji na unapukutika, usiikimbie spika. Ukingo unaweza kubadilishwa. Lakini bei ni lazima ishuke sana, kwa sababu unanunua kazi.

Pili, weka vidole vya mikono miwili pande zote mbili za koni. Isukume ndani polepole na kwa usawa. Tega sikio. Ikienda na kurudi kimya, ni nzuri. Ukisikia mkwaruzo, koili inagusa sumaku. Huenda imeungua na kuvimba, au chuma kimepinda spika ilipoanguka. Hiyo iache. Hapa ndipo mimi nilipoliwa. Ningesukuma koni mara moja tu pale dukani, ningejua.

Tatu, chukua betri moja ndogo ya volti 1.5, ile ya tochi au ya saa ya ukutani, na nyaya mbili. Gusisha kwenye matundu ya nyuma ya spika na uachie hapo hapo. Spika nzima itasema "tok". Usiishikize betri, na usijaribu kamwe kwa umeme wa ukutani. Ukigusisha upande wa chanya wa betri kwenye tundu jekundu, koni ya spika nyingi inaruka mbele. Kumbuka alama hiyo. Siku ya kufunga spika mbili, nyaya zikipishana, koni moja itasukuma hewa wakati nyengine inavuta. Besi yote itapotea, na watu watasema spika ni mbovu kumbe ni nyaya.

Mwenye mita ya fundi apime pia. Spika iliyoandikwa omu 8 husoma karibu 6. Ya omu 4 husoma 3 na kitu. Mita isiposoma kabisa, waya wa koili umekatika.

Usiisahau spika ndogo ya juu, inayotoa sauti nyembamba. Mafundi wanaiita twita. Mara nyingi twita imekufa na hakuna anayejua, kwa sababu spika kubwa bado inapiga kelele. Ngoma haiwezi kukuonyesha kasoro hiyo. Mimi sasa nakwenda na taarabu ya zamani ya Ikhwani Safaa, klabu iliyoanzishwa Unguja mwaka 1905. Nasikiliza fidla na kanuni. Nyuzi za kanuni zikisikika kama zimefunikwa blanketi, twita haifanyi kazi. Omba sauti ipandishwe, usikubali ya chini.

Sanduku nalo liguse na ulinuse. Lile la unga wa mbao uliogandishwa likipata maji huvimba, na halirudi. Ubao wa kweli au plaiwudi unavumilia zaidi, ila tizama kama haukubunguliwa na wadudu. Fundi wangu alishawahi kukuta panya na watoto wake watano ndani ya spika. Alinionyesha na mahali walipotafuna waya.

SPIKA ZILIZOKUWA ZIUZWE KWA KILO

Nikiwa bado najifunza, nilisikia kuna mzee huku upande wa Dimani mwenye spika mbili za miaka ya 1970. Zilikuwa chini ya kitanda zimefunikwa gunia. Nilipofika, mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amekwisha kumwahidi bei ya kilo. Mzee akaniambia, "Mwanangu, zimekufa hizo. Chukua ukitaka, lakini nipe zaidi ya yule wa vyuma." Tulikubaliana shilingi 50,000 kwa zote mbili. Safari hii nilikagua karibu saa nzima. Mzee akacheka, akaniuliza kama naposa.

Ukingo ulikuwa umekwisha, lakini koni zilikwenda kimya. Tulipozifungua, fundi alizitizama sumaku zake akafurahi sana. Hazikuwa zile nyeusi, pana kama sahani, tunazoziona siku zote. Zilikuwa ndogo, nene, za rangi ya fedha. Akaniambia hiyo ni sumaku ya aluminiamu, nikeli na kobalti.

Habari ya kobalti inatoka karibu na kwetu. Kobalti nyingi ya dunia ilikuwa inachimbwa Shaba, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwezi Mei 1978 vita viliingia Kolwezi, mji wenyewe wa machimbo. Bei ya kobalti ikapanda mno. Viwanda vingi vya spika vikaiacha na kuhamia kwenye sumaku nyeusi ya feraiti, ambayo ni rahisi. Kwa hiyo sumaku ya namna ile inakuonyesha kwamba huenda spika ni ya kabla ya wakati huo. Ulaya na Japani wapo watu wanaozitafuta spika hizo kwa bei kubwa. Sisi tunaziuza kwa kilo pamoja na mabati.

Tulipima upana wa koni na wa chuma kwa rula. Ukingo mpya tuliagiza Dar es Salaam. Kazi yenyewe inataka subira kuliko ufundi. Unakwangua sponji na gundi ya zamani yote, polepole, karatasi isichanike. Unabandika ukingo mpya kwenye koni kwanza, unaacha ukauke. Halafu unabandika upande wa chuma. Kabla gundi haijashika, unaisukuma koni ndani na nje, huku unasikiliza. Ikikwaruza, unasogeza ukingo kidogo mpaka koili ikae katikati. Gundi iwe ile inayobaki laini. Gundi ya haraka, ile inayokauka kama kioo, usiitumie. Ya kwanza niliiweka upande, ikabidi tuitoe na kuanza tena. Fundi hakunisaidia. Alikunywa chai.

Nyuma ya twita kuna kapasita. Kazi yake ni kuizuia besi isiende kwenye twita na kuiunguza. Kapasita za zamani hukauka ndani. Tulizibadilisha kwa nyengine zenye namba ile ile. Ziwe zile zisizo na alama ya chanya na hasi. Ukingo, gundi, kapasita na nauli vilifika shilingi 38,000.

Amplifaya ni jambo jengine. Usiifungue mwenyewe. Ndani yake kuna kapasita kubwa zinazoweka umeme hata baada ya kuchomoa waya ukutani, na zinaweza kukurusha. Mpe fundi. Na umeme ukikatika, zima na uchomoe kila kitu, kwa sababu ukirudi huja na nguvu. Sisi watu wa Fumba tunajua habari za umeme. Waya wa chini ya bahari unaoleta umeme kutoka bara ulitokea hapa kwetu, Ras Fumba, mwaka 1980. Ulipoharibika, kisiwa kizima kilikaa bila ya umeme huo tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010. Tangu hapo umelazwa waya mwengine mpya, lakini kukatika kwa siku moja moja hakujaisha.

Nilipozipeleka spika kwenye kikundi, Bi Mwenyekiti alitaka kitambaa cha mbele kiondolewe. Akasukuma koni kwa vidole vyake, ya kwanza, kisha ya pili. Akainamisha sikio. Nikajua habari zimeshamfikia. Akasema, "Tia muziki."

Fedha za kikundi zilizobaki baada ya matengenezo zilikuwa shilingi 12,000. Amplifaya walinunua miezi mitano baadaye, kwa fedha nilizokuwa nawalipa. Sasa wanakodisha. Msimu wa harusi ukifika zinatoka karibu kila wiki. Mzee wa Dimani alizikodi mwenyewe kwa harusi ya mjukuu wake, akawaambia wageni wote zilikuwa zake.

Spika hukaa ndani ya nyumba, juu ya meza, mbali na ukuta wenye unyevu. Zikirudi kutoka harusini, akina mama wanazifuta chumvi na vumbi kwa kitambaa kikavu kabla ya kuzifunika kanga. Mimi bado nimebakiwa na miezi miwili ya kulipa. Kila tarehe tano Bi Mwenyekiti huleta daftari, nami natia saini.