Mtoto Akililia Wembe, Mfunze

Wahenga walinena kwamba mtoto akililia wembe, apewe. Kwa kijana anayeanza kunyoa ndevu kwa wembe wa kukunja, methali hii haitoshi. Yenye elimu zaidi ni ile isemayo: mwenzako akinyolewa, chako tia maji. Maji ya uvuguvugu hulainisha ndevu. Kisha povu la sabuni lipakwe, ngozi ivutwe, nao wembe ulionolewa barabara ulazwe kwa pembe ya digrii 30 hivi, ufuate ndevu ziotavyo. Aanzie mashavuni, kidevu kisubiri mkono uzoee. Wala asitumie wembe wa mwenzake, kwani homa ya ini aina ya B huambukizwa kwa damu. Walimu wenzangu, kumwacha mwanafunzi ajikate si kumfunza.