Jino la Mbwa Likivunjika, Usingoje Alie

Mbwa halalamiki. Akivunjika jino haji kukuonyesha, hagomi kulinda, wala hakosi kukupokea getini ukirudi kutoka kazini. Atakula, atabweka, nawe utasema mbwa wangu mzima. Makala hii naiandika kuwasihi wote wanaofuga mbwa, mjini na shambani, waache kuuchukua ukimya wa mnyama huyu kuwa ndio uzima wake. Jino lililovunjika hadi kiini chake kikawa wazi ni ugonjwa. Ama litibiwe, ama ling'olewe na mjuzi. Kuliacha lilivyo ni kumtesa kiumbe kimyakimya.

Tuanze na kinywa chenyewe. Mtoto wa mbwa huota meno 28 ya utotoni. Kati ya miezi mitatu na minne huanza kuyapoteza, na kwa kawaida akitimiza miezi saba huwa ana meno yake yote 42 ya ukubwani. Basi ukiokota kijino sakafuni, na mbwa wako ana umri wa miezi minne, usihangaike, ndivyo alivyoumbwa. Ila jino hilo la utotoni likivunjika katikati kabla ya wakati wake, mpeleke kwa daktari, kwa maana uchafu unaoingia humo waweza kuliharibu jino la ukubwani linalojijenga chini yake. Na yakishaota hayo ya ukubwani, hakuna mengine yajayo. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo.

Jino limevikwa enameli, gamba gumu linalong'aa, ambalo kwa mbwa ni jembamba, halifiki hata milimita moja. Chini ya gamba hilo kuna dentini, na ndani kabisa kuna kiini: nyama laini yenye damu na mishipa ya fahamu. Kiini hicho kikipasuliwa, mbwa huumwa kama tunavyoumwa sisi. Aliyekesha usiku kucha ameshika shavu kwa sababu ya jino hahitaji kuelezwa zaidi.

Meno yavunjikayo zaidi ni yale manne ya chonge, pamoja na gego kubwa la juu lililo chini ya jicho, ambalo mbwa hulitumia kukatia nyama na kupasua mfupa. Na sababu zake, tusidanganyane, nyingi zatoka mikononi mwetu. Tunamtupia mfupa wa paja la ng'ombe kutoka buchani tukidhani tunampa zawadi, kumbe mfupa ule ni mgumu kiasi cha kulivunja jino lake. Watoto wanampiga mawe nasi tunatazama. Pikipiki inamgonga barabarani kwa kuwa geti liliachwa wazi.

Kisha yupo mbwa wa ulinzi. Huyu hufungiwa bandani tangu alfajiri hadi magharibi, hana nafasi ya kunyoosha miguu, hana wa kumsemesha. Kwa uchovu na hamaki hutafuna wavu wa banda. Siku baada ya siku waya ule humlia meno ya chonge kwa upande wa nyuma, yakawa membamba, hata siku moja jino likakatika kwa jambo dogo tu. Mwenye mbwa husema jino lilikuwa bovu. Halikuwa bovu; lilisagwa na kifungo.

Sasa tazama mambo yanavyokwenda jino likiachwa. Siku za kwanza panaonekana kitone chekundu katikati ya mvunjiko, pengine na damu kidogo. Mbwa hutafunia upande mmoja, huangusha tonge, hudondosha udenda, hukataa kushikwa kichwa. Baada ya muda kitone kile hugeuka cheusi, na mbwa huonekana amepata nafuu. Mwenye mbwa hufurahi akasema limepona. Ukweli ni kwamba kiini kimekufa, na vijidudu vimepata njia ya kushuka hadi ncha ya mzizi, ndani ya mfupa wa taya. Huko hutunga usaha. Miezi ikipita, siku moja mbwa huamka amevimba chini ya jicho; uvimbe hupasuka, ukatoa maji machafu. Watu husema ameumwa na nyuki, au amekwaruzwa na paka. Hununuliwa marhamu dukani, kidonda hufunga, mwezi ujao hufunguka tena pale pale. Wapo wanaotibu shavu mwaka mzima, na siku zote ugonjwa umo katika gego.

Mwingine atasema, nilimchoma sindano ya antibayotiki akapona. Alitulia, hakupona. Dawa husafiri kwa damu, na jino lililokufa halina damu ndani yake, dawa itafikaje? Uvimbe hushuka kwa sababu nyama za kando zimesaidiwa, lakini chimbuko liko pale pale likingoja dawa iishe.

Najua hoja mnazotoa. Ya kwanza: mbona bado anakula? Anakula kwa sababu njaa ina nguvu kuliko maumivu, na kwa sababu mbwa katika asili yake hafichui udhaifu wake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Usipime maumivu yake kwa sahani iliyokwisha, tazama anavyoimaliza.

Ya pili: mbwa aking'olewa chonge hatalinda tena. Hili si kweli. Mbwa hulinda kwa sikio, kwa pua na kwa sauti yake, na mwizi hangoji kuhesabu meno. Mbwa aliyeondolewa jino bovu, kidonda kikapona, hula vizuri na kuchangamka. Mwenye kutisha ni yule anayeumwa: siku mtoto atakapomkumbatia kichwa na kumgusa shavu, huenda akamng'ata, nasi tutamwita mkali, tumpige, au tumuue kwa kosa letu wenyewe.

Ya tatu ni gharama, na hii siidharau. Matibabu ya mizizi ya jino hayapatikani kila mahali, nayo ni ghali. Lakini kung'oa kunawezekana katika miji yetu mingi; madaktari wa mifugo waliosomea Sokoine kule Morogoro au Kabete kule Nairobi wapo, na wasipokuwapo karibu, afisa mifugo wa eneo lako atakuelekeza. Kung'oa jino moja mapema ni nafuu kuliko sindano na marhamu za mwaka mzima, ambazo mwisho wake ni kung'oa vilevile. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi jino likivunjika, fanya hivi. Mtulize mbwa kwanza, mahali penye mwanga. Mtu aliyezoeana naye akae ubavuni, ainue mdomo wa juu taratibu kwa kidole gumba bila kumfumbua kinywa. Tazama mvunjiko: kitone chekundu au cheusi katikati ni alama ya kiini kilicho wazi. Jino lililobadilika rangi likawa la zambarau au la kijivu nalo linaonyesha kiini kilichoumia, hata kama halikuvunjika. Damu ikitoka, bonyeza kwa kitambaa safi kilicholowa maji baridi. Ondoa mifupa na vitu vigumu. Mpe ugali laini uliolowekwa kwa mchuzi usio na vitunguu, maana vitunguu ni sumu kwake. Kisha mpeleke kwa daktari haraka. Kwa mbwa mchanga, akifika ndani ya saa 48, daktari mwenye vifaa anaweza kukiokoa kiini kikaendelea kuishi.

Jino likichomoka zima pamoja na mzizi wake, lishike kwa upande wa kutafunia, usilisugue, litie katika maziwa baridi, na ufike kwa daktari saa ile ile. Ukikosa kuliwahi, tundu litasafishwa na kufungwa, na mbwa ataishi vyema na pengo lake.

Yapo mambo ya kuepuka, nayo nayasema kwa mkazo. Usimpe dawa zako za maumivu. Ibuprofeni na diklofenaki humtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Parasetamoli yaweza kumharibu ini na damu. Wala usimwite fundi mwenye koleo. Gego lile kubwa la juu lina mizizi mitatu iliyotanuka, na daktari hulikata vipande ndipo alitoe. Mzizi wa chonge nao ni mrefu kuliko jino linaloonekana. Anayevuta kwa nguvu huacha vipande ndani, au huvunja taya. Kazi hii hufanywa mbwa akiwa amelala kwa nusukaputi, na kama kuna eksirei, hupigwa picha kwanza.

Onyo jingine ni la kuokoa maisha ya mtu. Mbwa anayeachama kinywa, anatiririka udenda, hawezi kumeza, sauti imebadilika na tabia imegeuka, usidhani amekwamwa na mfupa ukaingiza mkono. Hizo zaweza kuwa dalili za kichaa cha mbwa, na ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Jitenge naye, mwite mtaalamu. Ukiwa umeng'atwa au udenda umegusa kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukachomwe chanjo. Na mbwa wako mchanje kila mwaka, ili siku ya kumtazama meno uwe na amani.

Ndugu zangu wa pwani na wote wenye kuchunga tohara, najua wengi hamgusi kinywa cha mbwa kwa sababu ya udenda wake. Vaeni glovu, au mwachieni daktari. Na aliyeguswa anajua namna ya kujitoharisha, mara saba, moja kwa udongo. Sheria ya tohara imetufundisha kuosha, haikutufundisha kutojali. Ni mashuhuri ile hadithi ya Mtume juu ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Na wenzetu Wakristo wanasoma katika Mithali kwamba mwenye haki huangalia uhai wa mnyama wake. Dola nayo imenena: Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina sheria yake ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama. Dini na dola zimekubaliana, tumebaki sisi.

Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga hapa haina gharama kubwa. Kitu usichoweza kukibonyeza kwa ukucha kikaacha alama, usimpe mbwa akitafune. Badala ya mfupa mpe utumbo uliochemshwa au gegedu. Mbwa wa bandani mtoeni kila siku, atembee, aone watu, ili asiumalizie upweke wake kwenye waya. Ninyi wenye makampuni ya ulinzi, meno ya mbwa yawe sehemu ya ukaguzi kama yalivyo magari na redio. Wazazi, na walimu wa shule na madrasa, mkatazeni mtoto anayeokota jiwe; leo analivunjia jino la mbwa, kesho atazoea kuumiza bila kuona haya.

Nanyi wenye mbwa, pangeni siku moja ya kila mwezi ya kumwinua mdomo na kumtazama, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Ni kazi ya dakika chache. Mkiona jino limevunjika, msibishane nalo wala msingoje livimbe. Tumemtaka mnyama huyu asilale ili sisi tulale. Hatuna haki ya kumwacha akeshe kwa maumivu ambayo tiba yake tunaijua.