Nyumba Haingoji Hukumu

Kanuni za kudhibiti tumbaku nchini Kenya zilitungwa mwaka 2014. Kampuni ya BAT Kenya ikazipinga mahakamani mwaka 2015. Ilishindwa katika Mahakama ya Rufani mwaka 2017, kisha katika Mahakama ya Juu, Novemba 2019. Haki ilishinda, lakini kwa kuchelewa: mtoto aliyekuwa na miaka 12 kesi ilipofunguliwa, alikuwa na miaka 16 ilipokwisha.

Serikali hulazimika kungoja mahakama, baba halazimiki. Mwenyezi Mungu ametukataza kujiangamiza, na moshi wa sebuleni huwadhuru hata wasiovuta. Nyumbani hakuna rufaa. Ewe baba, izime sigara hiyo leo, wanao wangali wadogo.