Nani Aipange Saa ya Umeme?

Mwanafunzi mmoja alikuja ofisini kwangu kuomba siku mbili za ziada kabla ya kuwasilisha kazi yake. Nilimwuliza sababu nikitarajia zile tulizozizoea: ugonjwa, msiba, kompyuta iliyoharibika. Akanijibu kwamba soketi za chumba alichopanga hukatika saa nne kamili usiku na kurudi saa kumi na moja alfajiri, kila siku, na kompyuta yake ni kuukuu, betri yake haimalizi nusu saa. Huo si mgao wala hitilafu. Mwenye nyumba alimwita fundi akafunga kifaa cha saa kwenye njia ya soketi za vyumba vyote sita. Taa zinawaka, soketi zimekufa. Wapangaji walipohoji waliambiwa kuwa huko ndiko kubana matumizi.

Nilimpa siku zake mbili. Jibu lake, hata hivyo, lilinikaa moyoni, kwa sababu kifaa cha jamaa hiyo hiyo ninacho nyumbani kwangu, na nimekuwa nikikisifu kwa kila aliye tayari kunisikiliza.

Mafundi wa umeme hukiita taima. Aina niliyonayo mimi ni soketi ya saa: kiboksi kinachochomekwa ukutani, nacho kikachomekwa kifaa unachotaka kukidhibiti. Usoni kina duara lililogawanywa kwa saa 24, na pembeni mwa duara vimepangwa vijino vidogo, kila kijino dakika 15. Ukibonyeza vijino vya muda fulani, umeme utapita katika muda huo tu. Nilikinunua kwa shilingi elfu ishirini na tano kwa ajili ya hita ya maji, maana kwetu ni nyanda za juu, na mwezi wa Juni maji ya bombani si ya mtu kuoga kwa hiari.

Siku ya kwanza tuliamka maji yakiwa baridi kama ya kisimani. Mke wangu, aliyekipanga, alibonyeza vijino vya 11 kwa kuwa tulitaka maji yawe ya moto saa kumi na moja alfajiri. Duara lile linahesabu kuanzia usiku wa manane, nasi tunahesabu kuanzia machweo na macheo. Hita iliwaka saa tano asubuhi, nyumba ikiwa tupu. Naeleza hili si kwa mzaha tu. Kifaa kilichoundwa kwa hesabu ya watu wengine hakina budi kufundishwa kwetu upya, na kijikaratasi kilichomo ndani ya boksi hakina neno hata moja la Kiswahili.

Kuna jambo jingine ambalo boksi halilisemi. Duara lile huzungushwa na mota ndogo inayotumia umeme ule ule wa ukutani. Umeme ukikatika kwa saa tatu, saa nayo inasimama kwa saa tatu, na ukirudi inaendelea kutoka pale ilipoishia kana kwamba hakuna lililotokea. Usiporekebisha, kila ratiba yako imechelewa kwa saa tatu hadi siku utakapokumbuka. Wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 nilikuwa narekebisha saa hiyo karibu kila jioni. Zipo za kidijitali zenye betri ndogo ndani ambazo hazipotezi majira, ila bei yake ni kubwa kidogo na kuzipanga kunahitaji subira ya mwalimu wa chekechea.

Tuje kwenye hesabu, kwa sababu katika mambo ya kubana umeme maneno ni mengi kuliko tarakimu. Hita yangu ina tangi la lita 50. Tangi la namna hiyo likiachwa kwenye umeme siku nzima, hata kama hakuna aliyefungua bomba, maji hupoa na kuchemshwa upya mara kadha wa kadha, na kwa siku linaweza kupoteza uniti moja hivi, kutegemea ubora wa ganda lake. Kwa mteja wa kawaida wa LUKU, ambaye shilingi elfu kumi humpatia uniti 28, uniti moja ni kama shilingi 356. Kwa mwezi hizo ni zaidi ya elfu kumi zinazoyeyuka hewani. Saa haiziokoi zote, kwani tangi hupoa hata likiwa limezimwa. Nikisema nusu sitakuwa nimetia chumvi. Maana yake ni kwamba kifaa changu kilijilipa ndani ya miezi mitano.

Sasa chukua chaja ya simu, ambayo kila kampeni ya kubana umeme huisakama. Chaja ya kisasa isiyokuwa na simu hula sehemu ndogo mno ya wati. Iache ukutani mwaka mzima na huenda isifikishe hata uniti mbili. Soketi ya saa yenyewe hula wati moja hivi ili kuzungusha duara lake, kwa hiyo anayeichomekea chaja anatumia umeme mwingi zaidi kwa lengo la kuuokoa. Isitoshe, soketi zetu nyingi, kwa urithi wa Kiingereza, zina swichi zake pale pale ukutani. Kidole kinatosha. Taima inafanya kazi ya kumbukumbu tu, na inafaa pale penye mzigo mzito unaosahauliwa: hita, kiyoyozi, pampu ya kujaza tangi la juu ambayo jirani ndiye hukupigia simu kwamba maji yanamwagika. Friji usiliguse. Lina kidhibiti joto chake, nalo likizimwa usiku kucha litafidia asubuhi, na nyama yako itakuwa imeshaanza kutoa harufu.

Kati ya hita na chaja yupo king'amuzi, na huyu anatuingiza kwenye siasa ya jambo lenyewe. Ving'amuzi vingi vya zamani hula wati kumi hivi hata vikiwa vimelala, taa nyekundu tu ikionekana. Wati kumi kwa saa 24 kwa siku 30 ni uniti 7.2. Kwangu mimi hizo ni shilingi elfu mbili na mia tano, na sitadai kwamba zinanikosesha usingizi. Kwa kaya ya kipato cha chini, iliyo katika kundi la matumizi madogo, hesabu ni nyingine. Kundi hilo hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, yaani 122 ukijumlisha kodi na tozo. Uniti ya 76 ni shilingi 350, yaani 427 pamoja na tozo zake. Uniti moja inavuka mstari na bei yake inazidi mara tatu. King'amuzi kilicholala kinaweza kuisukuma kaya hiyo ng'ambo ya mstari, na anayezidisha mara kwa mara anaweza kuhamishiwa kundi la bei ya kawaida moja kwa moja.

Utaratibu wa bei nafuu kwa mtumiaji mdogo ni mwema na ninauunga mkono. Kasoro yake ni kwamba unahesabu mita, hauhesabu watu. Rudi kwenye nyumba ya mwanafunzi wangu: vyumba sita, mita moja. Tuseme kila chumba kinatumia uniti 20 kwa mwezi, za taa, redio, simu na pasi ya siku mojamoja. Kila chumba kingekuwa na mita yake katika kundi la matumizi madogo, wapangaji wote sita kwa pamoja wangelipa shilingi 14,640. Kwa kuwa mita ni moja, uniti 120 zao zinavuka mstari, nao wanalipa 28,365. Mita ikiwa imeshahamishiwa kundi la kawaida, kama zilivyo nyingi za mijini, wanalipa 42,720. Watu sita ambao kila mmoja ni mtumiaji mdogo kwa kipimo chochote kile wanalipa takribani mara tatu ya wanachostahili, kwa kosa la kutokuwa na uwezo wa kupanga nyumba nzima.

Ndani ya hesabu hiyo ndimo unamozaliwa ugomvi ambao kila aliyewahi kupanga chumba anaujua. Nani kanunua tokeni mara ya mwisho. Nani ana friji. Nani anapiga pasi nguo za wateja kwa siri. Mwenye nyumba aliyefunga taima kwenye soketi alikuwa anajaribu kuumaliza ugomvi huo, nami simwoni kuwa mtu mbaya. Alichofanya ni kuchukua hasara iliyotengenezwa na mfumo wa bei na kuigawa kwa saa badala ya kuigawa kwa matumizi. Aliyebeba mzigo ni yule anayesoma usiku, si yule mwenye friji.

Hapo ndipo ninapoona tofauti ya kifaa chake na changu, ingawa vyote vinaitwa taima. Changu nilikipanga mimi, kwa mzigo wangu, na siku nikiwa na mgeni ninabonyeza swichi ya pembeni kukipuuza. Chake kinapangwa na mtu asiyeishi kwa ratiba yake, na boksi lake limefungwa kwa kufuli. Kwa lugha ya nchi, cha kwangu ni kubana matumizi na cha kwake ni mgao. Ni kosa kuviita kwa jina moja, na ni kosa tunalolifanya pia katika mimbari za umma, pale wananchi wanapohimizwa kubana umeme bila kuulizwa kwanza nani kati yao ana cha kubana.

Niwageukie watumishi wa umma, ambao najua wananisoma, baadhi yao kwenye kompyuta za ofisi. Pita katika jengo lolote la ofisi saa mbili usiku, nikiwemo mimi na jengo ninalofanyia kazi. Kwenye korido utaikuta dispensa ya maji ya kunywa, taa yake nyekundu ikiwaka, inachemsha maji kwa ajili ya mlinzi mmoja ambaye anatumia chupa yake ya chai. Itachemsha hadi Jumatatu. Vyumba viwili vitatu viyoyozi vinanguruma kwa sababu aliyeondoka mwisho alijua kuna mwingine nyuma yake. Hakuna anayeona tokeni ikipungua. Dispensa ya maji ndiyo mteja halisi wa soketi ya saa: ina plagi ya kawaida, ratiba yake inajulikana, na hakuna wa kudhurika ikilala kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa moja asubuhi. Gharama ni elfu ishirini na tano kwa kila moja. Viyoyozi havichomekwi kwenye soketi ndogo, ila fundi anaweza kufunga saa kwenye ubao wa umeme kwa nusu siku. Kabla ya waraka wowote wa kuwahimiza raia wazime taa zao, ningependa kuona korido hizo zikiwa kimya.

Wapo watakaoniuliza kwa nini tubane wakati bwawa la Julius Nyerere limekamilika, mashine tisa za megawati 235 kila moja. Swali ni la haki. Umeme, hata hivyo, hauliwi bwawani. Unapita kwenye nyaya na transfoma hadi mtaani, na transfoma ya mtaa haijui kuwa Rufiji kuna maji. Kuanzia saa moja hadi saa nne usiku kila nyumba inapika, inapiga pasi na kuchemsha maji kwa wakati mmoja. Nguvu inashuka, taa zinafifia, friji zinaungua. Kuhamisha hita na pampu kutoka saa hizo kungesaidia mtaa mzima. Shida ni kwamba anayehamisha hapati chochote. Uniti ya saa mbili usiku na uniti ya saa nane usiku, bei yake kwa mwenye nyumba ni moja.

Waingereza walilitambua hilo tangu 1978 walipoweka bei nafuu ya saa saba za usiku kwa majumbani, na soketi za saa na hita za kuhifadhi joto zikaenea kwa sababu zilikuwa na faida ionekanayo kwenye bili. Majirani zetu wa Kenya waliweka bei ya saa mwaka 2017, ila kwa viwanda na biashara. Sisi tunaweza kuanza na kaya za matumizi makubwa, zenye hita, viyoyozi na pampu, yaani kaya kama yangu. Tulipe zaidi jioni na tulipe pungufu usiku wa manane, kisha muone kama hatutazijaza nyumba zetu taima bila kuhubiriwa.

Kwa wapangaji, dawa ni mita. Mwaka 2022 ada ya kuunganisha umeme mijini ilirudishwa kwenye shilingi 320,960, wakati vijijini ilibaki 27,000. Kwa mwenye vyumba sita hiyo inakaribia milioni mbili, na hakuna atakayeilipa kwa ajili ya mpangaji. Mita ndogo za ndani, zinazopima kila chumba baada ya mita kuu, zinapatikana kwa sehemu ndogo ya fedha hizo. Haziondoi dhuluma ya mstari wa uniti 75, lakini mwenye friji atalipia friji lake na msomaji wa usiku atalipia kompyuta yake. Ada nafuu ya mita ya pili na ya tatu kwa nyumba za kupanga ni jambo ambalo wanaharakati wa haki za wapangaji wangeweza kulidai leo.

Mwanafunzi wangu alileta kazi yake siku aliyoahidi, na ilikuwa nzuri. Nilimwuliza kama wamezungumza na mwenye nyumba. Akasema amekubali mita ndogo, wapangaji wakizinunua wenyewe, na kwamba wanachanga. Kwa sasa wanasubiri. Wiki iliyopita umeme ulikatika mtaani kwao kwa muda wa saa mbili, na tangu siku hiyo soketi zao zinazimika saa sita usiku. Hakuna mpangaji aliyemwambia mwenye nyumba.